Sahihi ya Baba

Jumapili hiyo zamu ya kukaa na Taji la Roho Mtakatifu, ambalo Wareno wa parokia hupokezana nyumba kwa nyumba, ilikuwa imemwangukia Dona Ermelinda, na nyumba yake ilijaa watu hadi kwenye ngazi za nje. Ivone Pimentel alizipanda ngazi hizo polepole, mkono mmoja kwenye reli, mwingine chini ya tumbo la wiki thelathini na nne, kwapani amebana bahasha ya hospitali. Kwa siku kumi na moja hakuwa amekanyaga pale, tangu Gil, baba wa mtoto, alipotia nguo zake kwenye mfuko wa takataka, akawasha gari na kurudi kwa mama yake, Dona Ermelinda huyo.

Wanawake wa parokia walipomwona walinyamaza ghafla. Kisha wote wakaanza kuongea kwa pamoja, habari za mkate mtamu, habari za mvua, habari za paa la kanisa. Hakuna hata mmoja aliyetaja tumbo.

"Ivone, mwanangu! Mbona umepauka hivyo?" Dona Ermelinda alimbusu shavu la kulia na la kushoto. Alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye nguo nyeusi tangu mumewe afariki, na macho yake hayakupitwa na kitu. "Umekula?"

"Nimemfuata Gil, Mama."

"Gil yuko jiko la chini anapakua supu. Piga goti kwanza mbele ya Taji, umsalimie Roho Mtakatifu."

"Magoti yangu hayakunjiki siku hizi, Mama."

"Ya kupandia gari kwenda kwa madaktari wa Boston yanakunjika."

Watu wawili watatu walicheka kwa pua. Ivone alilitazama lile Taji la fedha, limewekwa juu ya ngazi za maua meupe kwenye sebule aliyoizoea, akaguna, akashika njia ya kwenda chini. Maneno alikuwa nayo, tena mengi. Aliyahifadhi kwa mtu mwingine.

Gil Arruda alikuwa amewapa mgongo mlango, aproni ya mama yake kiunoni, anachota supu ya nyama na kuimwagia juu ya mkate na majani ya mnanaa. Shingo yake ilikuwa imeiva kwa jua; msimu wa kuezeka mapaa ulikuwa umeshaanza. Ivone alisimama palepale akaitazama shingo hiyo. Siku kumi na moja amelala peke yake, amekasirika, amelia, ameapa kwamba amemtoa moyoni mtu huyu. Uongo mtupu! Kumwona tu mgongo, akatamani kwenda kuuegemea.

Gil aligeuka. Upawa ulibaki hewani, unadondosha mchuzi sakafuni.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja na karatasi."

"Mimi nikadhani umenikumbuka."

"Nimekukumbuka pia. Lakini karatasi kwanza."

Gil alivuta kiti akakifuta kwa aproni, akamshika kiwiko akamkalisha. Vidole vyake vilikawia kwenye kiwiko kile, naye Ivone hakuvitoa. Walitazamana. Kwa muda mdogo hakukuwa na ugomvi wala hospitali, walikuwa tu Ivo na Gil wa miaka mitatu iliyopita, waliokutana kwenye foleni ya kununua soseji na kugombania kipande cha mwisho.

"Anacheza?" Gil aliuliza, akilitazama tumbo.

"Anacheza. Usiku ananinyima usingizi." Ivone alifungua bahasha. "Ijumaa wamenipima tena. Mshipa umefika milimita tisa."

"Si ulikuwa saba?"

"Ulikuwa saba. Sasa tisa. Na moyo umeanza kuvimba, Gil. Nimeuona mwenyewe kwenye skrini."

Alikuwa ameona mengine pia ambayo hakutaka kuyasema. Ndani kabisa ya kichwa cha mtoto, pale ambapo damu ilipaswa kupita kwenye vijishipa vyembamba ikipungua kasi, yake ilikuwa inajimwaga moja kwa moja kwenye mshipa mmoja uliotanuka. Kwenye skrini ilionekana nyekundu na buluu, inazunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Maadamu mtoto yumo tumboni, kondo la mama linamsaidia kubeba mzigo. Siku atakayozaliwa na kitovu kukatwa, ule moyo mdogo utabaki peke yake, na madaktari hawakumficha kwamba huenda usimalize hata siku mbili.

"Wamenipangia Jumanne, saa moja asubuhi," alisema. "Wanapitisha sindano hapa, wanaingia nyuma ya kichwa chake, wanaujaza ule mshipa vijiwaya laini mpaka kasi ya damu ipungue. Kwa muda wa saa mbili tu, wamemaliza. Ila ikipita Jumanne, moyo ukazidiwa, hawatanigusa tena. Watasema nimechelewa."

"Wamewafanyia wangapi mpaka sasa?"

"Wachache."

"Wachache wangapi, Ivo?"

"Hawajazi hata basi moja la shule." Yeye ndiye aliyekuwa akiyapanga mabasi ya shule ya mji mzima wa Fall River, na hesabu zake zote zilikwenda kwa mabasi. "Ndiyo maana wanataka sahihi mbili. Matibabu bado ni ya majaribio, na anayetibiwa ni mtoto, si mimi. Sheria inasema baba naye akubali. Yangu imekaa pale wiki mbili. Yako tu ndiyo inayosubiriwa."

Alitandaza karatasi mezani, kati ya bakuli za supu. Gil hakuitazama.

"Sindano inapita kwako kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Damu ikikataa kusimama, je? Mimi nimesoma kurasa zote, usidhani sijasoma. Ukurasa wa sita. Umeusoma wa sita?"

"Nimeusoma."

"Basi!"

"Basi nini? Nimeusoma na nimekubali."

"Mimi sijakubali!" Alipiga meza, bakuli zikaruka. "Nikiandika jina langu pale, halafu ukanifia mezani, nitakuwa nimekuua kwa mkono wangu huu. Watoto tutapata wengine. Wewe nitakutoa wapi?"

Maneno hayohayo alikuwa ameyasema ndani ya gari, siku walipotoka kliniki na majibu ya kwanza. Siku ile Ivone alimwambia asimamishe gari, akashuka, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Sasa aliyasikia tena, na kilichomuumiza ni kwamba hayakuwa maneno ya mtu asiyependa.

"Huyu hapa si wengine," alisema. "Huyu ameshakuja. Mimi namjua. Nikila chungwa anashtuka, nikilala ubavu wa kushoto ananipiga teke. Unaniambia nikae nimsubiri azaliwe ili afe?"

Gil alifumba macho.

"Umsubiri Mungu," sauti ilisema mlangoni.

Dona Ermelinda alikuwa ameshuka, sahani tupu mkononi. Aliiweka kwenye beseni bila haraka, akakausha mikono yake.

"Gil alikuwa na miaka saba," alianza, "homa ya uti wa mgongo ikamshika—"

"Habari hiyo naijua, Mama."

"Basi isikie tena, maana haijakuingia. Siku tano madaktari walimdunga dawa, hakufumbua jicho. Siku ya sita nikaweka ahadi mbele ya Taji. Siku ya saba akaomba maziwa. Nikaitimiza ahadi yangu, nikalisha mtaa mzima, na huyu akatembea mbele ya maandamano na nguo nyeupe." Alimshika mwanawe bega. "Juzi tumepiga magoti, mimi na yeye. Tumemkabidhi mtoto. Hakuna mkono wa binadamu kumgusa mpaka azaliwe na kubatizwa. Gil ametoa neno lake. Unataka alivunje, yawakute makubwa kuliko haya?"

Ivone alimgeukia Gil. "Umeapa?"

Gil aligeukia masufuria. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Umeapa juu ya tumbo langu, na mimi sipo?"

"Niliogopa, Ivo. Ulikuwa hupokei simu. Nilitaka kufanya kitu, chochote kile."

"Cha kufanya kiko hapa mezani."

Ivone alichukua kalamu akamtilia mkononi, akavikunja vidole vyake juu ya kalamu, kimoja kimoja. Gil aliinama. Ncha iligusa mstari. Dona Ermelinda alianza kusali Salamu Maria kwa mnong'ono, na juu yao watu waliendelea kuburuta viti na kucheka. Jasho lilimtoka Gil kwenye paji la uso. Wino uliacha kitone, na kalamu ikamponyoka ikabiringika chini ya jiko.

"Siwezi," alisema. "Nisamehe. Mkono wangu haukubali."

Ivone aliikunja karatasi. Alihisi baridi, licha ya masufuria yale yote yanayochemka.

"Nesi aliniambia kuna njia nyingine," alisema. "Baba akiwa hapatikani, hajulikani aliko, sahihi ya mama inatosha."

"Hapatikani vipi? Mimi si huyu hapa?"

"Nakuona."

Ilimchukua Gil muda kuelewa. Alipoelewa, alirudi nyuma hatua moja. "Utawaambia mwanangu hana baba?"

"Maria Mtakatifu!" Dona Ermelinda alipiga ishara ya msalaba. "Mjukuu wangu aitwe mwanaharamu? Mbele ya watu?"

"Huwezi," Gil alisema. "Wewe uongo haukai mdomoni. Hata kwenye karata unashindwa, ukipata nzuri tu unacheka."

"Usinijaribu, Gil."

"Ivo..."

"Nakupenda," Ivone alisema. "Nataka ulijue hilo leo, kwa sababu kesho nitasema mengine."

Alipanda ngazi bila kuaga. Sebuleni watu walimpisha, na safari hii hakuna aliyejifanya anaongea habari za mkate.

Jumatatu aliingia kazini kama kawaida. Saa mbili asubuhi, mabasi yote yakiwa barabarani na redio yake ya mezani ikipiga kelele, alimpigia Nesi Maureen kule Boston.

"Ivone, mpenzi! Umeipata ile sahihi?"

"Basi namba kumi na nne limezima hapa Barabara ya Rodman," redio ilisema. "Kuna mtu?"

Ivone aliizima redio. Hakuwa amewahi kuizima tangu aajiriwe.

"Sikusema ukweli," alisema. "Niliona haya. Baba wa mtoto sijui aliko. Alikuwa mtu wa kupita tu. Hata hilo jina aliloniambia, sina hakika kama ni lake."

Nesi Maureen alikuwa na miaka zaidi ya thelathini kazini, na mtu wa namna hiyo hadanganyiki kirahisi.

"Mbona mwanzo ulisema yuko kazini, atakuja?"

"Nilikuwa najidanganya mwenyewe."

"Pole sana," Maureen alisema hatimaye. "Basi nitaandika hivyo. Itabidi utie sahihi chini ya maelezo hayo kesho. Unaelewa uzito wake?"

"Naelewa."

Alipokata simu aliiwasha tena redio. Mtoto alicheza mara moja, kwa nguvu, kisha akatulia kwa saa nyingi, na Ivone alishinda siku nzima mkono tumboni akimwomba acheze tena.

Jumanne, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mwenzake wa kazini alimshusha kwenye mlango wa hospitali akageuza kuwahi mabasi. Ivone alivua pete, akavaa gauni la hospitali na kofia ya karatasi. Wakamchoma mshipa wa mkono, wakampaka dawa baridi tumboni, wakampima mtoto tena. Daktari aliyekuwa akipima aliangalia skrini muda mrefu mno. Alimwita mwenzake. Wote wawili wakaangalia, wakanong'onezana namba.

"Kuna nini?" Ivone aliuliza.

"Moyo umezidi kidogo tangu Ijumaa," daktari alisema. "Bado tuna nafasi. Ila leo ni leo, tusingeweza kusubiri kesho."

Akatia sahihi chini ya maelezo yale. *Baba wa mtoto hajulikani aliko.* Aliandika bila kusita, na jambo hilo lilimtisha.

Robo saa kabla ya muda, Nesi Maureen aliingia akafunga pazia nyuma yake. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ivone. Kuna mwanamume pale mapokezi. Anasema yeye ndiye baba wa mtoto wako, hakukubali jambo hili, na anataka lisimamishwe."

Mashine iliyokuwa ikihesabu mapigo ya Ivone ilianza kwenda mbio, kila mtu akaisikia.

"Nisikilize vizuri," Maureen aliendelea. "Kama ni kweli, siwezi kukuingiza chumbani. Itabidi tukae naye, tumweleze, akubali au akatae. Na akikataa, ndiyo basi. Kama si kweli, namtoa. Mlinzi amemleta mpaka hapa mlangoni. Mtazame uniambie."

Akavuta pazia.

Gil alikuwa amesimama kwenye korido na nguo za kazi, lami kwenye magoti, nywele hazijachanwa. Alikuwa ameendesha kasi, ilionekana. Alikuja amejaa hasira, amejiandaa kupiga kelele. Lakini alipomwona Ivone juu ya kile kitanda, kofia ya karatasi kichwani, mirija mkononi, tumbo limepakwa dawa ya kahawia na kuchorwa alama ya kalamu mahali sindano itakapoingia, aliushika ukuta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale. Alikuwa hajawahi kuiona alama hiyo.

"Ivo," alisema.

"Unamfahamu huyu bwana?" Maureen aliuliza.

Ivone alimtazama. Aliyatazama macho yale aliyotaka kuyaona kila asubuhi mpaka azeeke, na midomo iliyomwambia *nitakutoa wapi*. Akawaza kwamba, akimaliza kusema hili, labda hatatazamwa tena hivi na mtu yeyote duniani.

"Hapana," alisema. "Simfahamu."

"Una hakika?"

"Sijawahi kumwona."

Mlinzi alimshika Gil mkono. "Bwana, una chochote cha kuonyesha kwamba unamjua mama huyu?"

Alikuwa nacho, tena tele. Simu ilikuwa mkononi mwake, na Ivone alijua picha iliyokuwa humo usoni mwa kioo: wao wawili, mashavu yamegusana, siku ya sikukuu ya mwaka jana, Gil na tai aliyoazima kwa mjomba wake. Kuigeuza tu ile simu, mambo yangekwisha. Madaktari wangevua glavu. Kidole chake kilisogea kwenye kioo, nacho kikawaka.

Ivone hakumwomba. Angemwomba, angejifichua. Alimtazama tu, machozi yanamtoka pembeni na kuingia masikioni, na hakuyafuta.

Gil aliitazama ile alama tumboni kwa muda mrefu. Kisha akaizima simu, akaitia mfukoni.

"Samahani," alisema. "Nimekosea. Namtafuta mke wangu, na huyu dada wamefanana sana."

"Mke wako anaitwa nani?" Maureen aliuliza, na hakumwondolea macho.

"Natália."

"Hatuna mgonjwa wa jina hilo."

"Basi itakuwa ni hospitali nyingine." Akarudi nyuma hatua moja, akasita. "Dada, nisamehe kwa kukutisha. Mungu akutangulie."

"Ahsante, kaka," Ivone alisema.

Maureen aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kama alijua, alikaa na siri yake. Aliinua vizuizi vya kitanda, akafungua breki, akamwita mwenzake wakaanza kusukuma.

Gil hakuwa ameondoka. Alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, viwiko magotini, kichwa ameinamisha. Kitanda kilipita karibu naye kiasi kwamba Ivone angenyoosha mkono angemgusa nywele. Alinusa lami na sabuni ileile ya nyumbani kwao. Alikaza macho kwenye taa za dari.

Mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji Maureen alisimama na karatasi ya mwisho.

"Swali moja tu, mpenzi, lazima niulize kila mtu. Mambo yakienda vibaya huko ndani, kuna mtu wako hapa nje wa kupewa habari?"

Nyuma yao, benchi lililia kidogo, kama mtu anataka kuinuka.

"Hakuna," Ivone alisema. "Andika nimekuja peke yangu."